Mizani ya Ami na Alama ya Namba

Simu ya ami ilinikuta katikati ya maji. Feri ilikuwa imetoka Likoni, watu wamesimama bega kwa bega na baiskeli na magunia, nami nikaipokea kwa mkono mmoja huku wa pili umekumbatia mkoba wa kompyuta.

"Waambaje, mwanangu?"

"Njema, ami. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiza. Daftari lako lasema iliki iliyouzwa jana ni nyingi kuliko iliyokuwa kopoini. Limeandika kwa wekundu, na jina la kijana liko ubavuni. Kama ni kweli, kuna mtu amepunjwa. Nimuulize?"

Nikamwomba asimuulize. Nikamwambia anipe nusu saa niwe nimefika.

Ilikuwa Aprili 2019, mwezi wa Shaabani, wakati harusi zafuatana mjini kabla Ramadhani haijaingia. Ami anauza viungo Marikiti, hatua chache kutoka Barabara ya Digo: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nzima, pilipili manga. Wapishi wa harusi huchukua kwa deni, hulipa shughuli ikishapita. Kijana wake wa dukani alikuwa mwaka wa tatu naye, ndiye anayepima na kufunga. Kwa mtu aliyelelewa chuoni kama ami, kupunja mizani si kosa la kukatwa mshahara. Ni jambo la kuulizwa siku ya hesabu. Ndiyo maana lile neno lake la mwisho, "nimuulize", lilinitoa jasho pale feri, upepo wote ule.

Kwa sababu nilijua ni nani aliyeandika ule wekundu. Ni mimi.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemtengenezea daftari la kufungua kwenye kivinjari, lenye sehemu mbili: stoo na madeni. Upande wa stoo, kila kiungo kina mstari wake. Programu inachukua kilichoingia, inatoa kila kilichouzwa, kisha inaangalia alama ya kinachobaki. Kikiwa chanya inaandika "Kipo". Kikiwa sifuri inaandika "Kimekwisha". Kikiwa hasi inaandika "Mauzo yamezidi", kwa rangi nyekundu, na pembeni jina la aliyekuwa zamu. Jina nililiongeza mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Niliona ni jambo la busara.

Kuijua alama nilitumia Math.sign, amri iliyoingia rasmi katika JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, na toleo la Juni 2015. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akijiandikia njia yake: wengine kwa masharti mawili ya kubwa kuliko na ndogo kuliko, wengine kwa kuigawanya namba kwa thamani yake isiyo na alama. Hii ya kugawanya mimi pia niliwahi kuitumia. Inafanya kazi vizuri mpaka namba iwe sifuri, hapo inakuwa sifuri kugawanywa kwa sifuri na jibu linakuwa NaN, yaani mashine inasema hiki si namba. Math.sign ilinipendeza kwa kuwa ni neno moja, unaipa namba nayo inakupa 1, au -1, au 0. Hivyo ndivyo nilivyoisoma, majibu matatu. Kumbe ni matano, na hayo mawili niliyoyapita ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Nilipofika dukani kijana alikuwa anapanga vikopo, mgongo ametupa. Hakunigeukia. Nikafahamu kwamba hakuulizwa, lakini ameona rangi.

Nikafungua mstari wa iliki. Iliyoingia: kilo 0.3. Iliyouzwa: 0.1, halafu 0.2. Mtoto wa darasa la nne atakwambia hakuna kilichobaki. Kompyuta ilikuwa na maoni mengine. Ukiiambia 0.3 toa 0.1 toa 0.2, jibu lake ni hasi, na baada ya nukta kuna sifuri kumi na sita kabla ya kufika tarakimu ya kwanza ambayo ni 2. Uzito huo haupimiki kwa mizani yoyote ya soko. Lakini Math.sign haiulizwi ukubwa, inaulizwa upande tu. Ikajibu kwa uaminifu kabisa: -1. Na mimi -1 nilikuwa nimeipa tafsiri ya mtu kupunjwa.

Niieleze sababu kidogo, maana nimekutana na wengi wanaodhani JavaScript haijui hesabu. Namba zake za kawaida zinafuata kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985, ambayo lugha nyingi nyingine zinaifuata vilevile. Kila namba inapewa biti 64, yaani nafasi 64 za kuandika 0 au 1: moja ya alama, 11 za kipeo, 52 za tarakimu. Kwa kuwa kila kitu ni mbili na vigawanyo vya mbili, mashine inaweza kuandika nusu bila kosa, robo bila kosa, nusu robo bila kosa. Sehemu ya kumi haiwezi. Inaandika iliyo karibu nayo sana, kama sisi tunavyoandika theluthi kuwa 0.333 tukakata hapo. Niliposikia hili mara ya kwanza nilifikiria duka la ami. Zamani wateja waliomba robo, nusu robo, nusu kilo. Namba zote hizo zingeingia kwenye kompyuta salama. Siku ilipoletwa mizani ya umeme inayosoma gramu, watu wakaanza kuomba gramu mia, gramu mia mbili, na hapo ndipo sehemu za kumi zilipoingia dukani.

Nikamweleza ami. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akaenda nyuma ya magunia akarudi na mizani ya babu yangu, ile ya sahani mbili na mawe. Akaipangusa, akaiweka mezani, akaweka jiwe la robo upande mmoja na upande wa pili akamimina karafuu mpaka mkono ukakaa sawa. Haukukaa sawa kabisa. Ulikuwa ukitetemeka juu chini kwa pumzi zetu tu.

"Waiona?" akaniuliza. "Hii haikwambii uzito. Yakwambia upande gani mzito. Na haisimami, wallahi tangu nizaliwe sijaona ikisimama. Babako na mimi tulifundishwa kuitazama mpaka ukajua: hapa imelala. Asiyejua kungoja akiuzia watu, atawapunja au atajipunja. Sasa hiyo yako, nani aliyeifundisha kungoja?"

Hakuna aliyeifundisha. Nilikuwa nimeiuliza upande gani mzito bila kuiambia ni mtetemeko kiasi gani uhesabiwe kuwa umelala. Nimesoma vitabu na kusikiliza walimu, lakini swali hilo la ami ndilo ninaloanza nalo mpaka leo kila ninapotaka kujua alama ya namba. Hapa sifuri ina upana gani?

Watu wengi hulijibu kwa kuweka kizingiti. Wanachukua Number.EPSILON, namba ndogo sana ambayo JavaScript yenyewe inaitoa, na kusema chochote kilicho chini ya hicho ni sifuri. Siipendi njia hiyo kwa kazi ya duka. EPSILON ni tofauti kati ya 1 na namba inayofuata ambayo mashine inaweza kuiandika. Ni habari ya mashine, haihusiani na iliki. Mizani ya ami inasoma kwa hatua ya gramu tano. Kizingiti cha kweli kiko pale juu ya meza, na asiyekwenda kuitazama mizani hawezi kukijua.

Tena kwetu hata kizingiti hakikuhitajika. Nilichofanya usiku ule ni kuacha kilo na kuandika gramu. 300 toa 100 toa 200 ni sifuri, sifuri halisi, kwa sababu namba nzima JavaScript inazishika bila kosa mpaka kufikia 9,007,199,254,740,991, na ami hata akinunua karafuu yote ya Pemba hataifikia. Fedha nazo nikazigeuza senti. Kilo na shilingi zikabaki kuwa mavazi ya kuonyeshea tu, zinavaliwa dakika ya mwisho kabla ya kutokea kwenye kioo. Nilipomaliza nilipitia miezi yote miwili. Mistari mingine minne ilikuwa na wekundu wa aina ileile, siku ambazo ami hakufungua ukurasa. Jina pembeni ni la kijana yuleyule, maana ndiye anayepima.

Upande wa madeni nao ulikuwa na yake. Hili lilitokea wiki ya pili ya Ramadhani.

Kuna mama mmoja mpishi, mtu mzima, sufuria zake zimepika harusi nyingi za Majengo na Mji wa Kale. Alilipa deni lake lote jioni, akaomba aonyeshwe kwenye simu kwamba amefutwa. Kijana akamfungulia. Palikuwa pameandikwa: Salio lako, -0.

"Hiki kijistari cha nini?" mama akauliza. "Nimelipa, bado mwanipunguza?"

Kijana hakuwa na jibu, mimi sikuwepo, na ami alikuwa msikitini. Mama akaondoka akiwa amenuna, na kwa wiki nzima hakuja.

Sifuri yenye alama ya hasi ipo kweli, wala si kosa la kompyuta. Kwa kuwa biti ya alama imekaa peke yake, sifuri nayo inaweza kuwa na alama. Hilo ndilo jibu la nne la Math.sign: ukiipa -0 inakurudishia -0. Mashine ikiulizwa kama -0 na 0 ni sawa inasema ndiyo. Ukitaka itofautishe inabidi uiulize kwa amri ya Object.is, au ugawanye 1 kwa hiyo sifuri uone kama unapata isiyo na kikomo ya chanya au ya hasi. Kuna kazi ambazo jambo hili lina faida, kwa mfano kitu kinachosogea kikifika sifuri ukataka kukumbuka kilikuja kutoka upande gani. Katika deni la mpishi halina faida yoyote.

Ilivyoingia ndiyo iliyonishughulisha. Ndani ya daftari, deni la mteja nililiandika chanya, maana kwa ami ni mali inayokuja. Lakini ukurasa anaoonyeshwa mteja nilitaka uwe kwa jicho lake: deni liwe hasi, akiba iwe chanya. Kwa hiyo nilichukua salio nikaligeuza kwa kuliwekea alama ya kutoa mbele. Salio likiwa 500 linakuwa -500, vizuri. Likiwa 0 linakuwa -0. Kisha Intl.NumberFormat, chombo cha kivinjari cha kupangia namba, kikaionyesha ile alama kama kilivyoipata. Laiti ningeandika sifuri toa salio badala ya kuligeuza, nisingepata tabu, kwani 0 toa 0 ni sifuri ya kawaida. Tofauti ni ndogo hivyo. Siku hizi Intl.NumberFormat ina mpangilio wa signDisplay, na ukiuwekea neno negative, alama inatokea kwa namba zilizo hasi kweli tu, sifuri inaachwa. Mwaka ule neno hilo halikuwepo.

Alama ilikuwa inategemea nani anatazama. Jambo hili ni la kale. Brahmagupta, mtaalamu wa hesabu wa India, mwaka 628 alizieleza namba chanya kwa neno la mali na namba hasi kwa neno la deni, akaweka kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha pamoja na sifuri. Mwenye deni na mwenye mali wanazungumzia kiasi kilekile. Daftari la karatasi la ami halikuwa na alama ya hasi hata moja. Lilikuwa na nguzo mbili, "kachukua" na "kalipa", na kila mteja aliweza kulisoma bila kuuliza limeandikwa kwa jicho la nani. Niliibomoa hekima hiyo kwa kuzigandisha nguzo mbili kuwa namba moja yenye alama, nikadhani nimerahisisha.

Nikarudisha nguzo mbili. Ndani, programu inajua alama inayoijua. Kwenye kioo hakuna hasi wala chanya, kuna maneno: "Unadaiwa shilingi kadhaa", "Una akiba ya shilingi kadhaa", "Hamdaiani". Neno hilo la tatu alilichagua ami, na mama mpishi aliporudi ndilo aliloonyeshwa. Alilisoma kwa sauti.

Jibu la tano, NaN, sikulipa nafasi yake mpaka lilipokuja kwa mlango wa nyuma. Kijana aliandika malipo ya 1,500 kwa mkato katikati, kama yanavyoandikwa kwenye risiti. Mkato ule unaifanya JavaScript ione maandishi badala ya namba, na Math.sign ikajibu NaN. Sharti langu lilikuwa na matawi matatu, NaN haikuingia tawi lolote, na mteja akatoweka kwenye orodha. Hilo lilionekana haraka. Lililonitisha zaidi ni kinyume chake: kisanduku kilichoachwa wazi. Math.sign ikipewa maandishi matupu inajibu 0, na ikipewa null, yaani pasipo thamani yoyote, inajibu 0. Kwa hiyo mteja ambaye deni lake halijaandikwa alionekana sawasawa na mteja aliyelipa mpaka senti ya mwisho. Kimya kilikuwa kinahesabiwa kuwa uaminifu. Tangu hapo siipi Math.sign kitu chochote kabla sijahakikisha kuwa ni namba, na kisanduku kitupu kina neno lake: "Hakijaandikwa".

(Saiba ambako ami huchapisha hesabu za mwezi kulikuwa na kompyuta ya zamani yenye kivinjari cha Internet Explorer 11, ambayo haikuwahi kuijua Math.sign. Ukurasa ulitoka mweupe. Niliandika yangu ya mstari mmoja: (x > 0) toa (x < 0), kwa kuwa kweli inageuka 1 na uongo unageuka 0 zikitolewa, na jibu likiwa sifuri inarudishwa x yenyewe ili NaN na -0 zisipotee. Ilitosha.)

Kosa ninalolifikiria zaidi kuliko yote, hata hivyo, ni moja ambalo halikumwumiza mtu. Liliishi dukani wiki tatu, likasomwa kila siku na watu watatu, na hakuna aliyeliona.

Kivinjari kina njia ya kukwambia uko mbali kiasi gani na saa ya dunia, UTC. Sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ukiuliza getTimezoneOffset ukiwa Mombasa inakujibu -180. Dakika mia na themanini, hasi. Inahesabu safari ya kutoka hapa kurudi UTC, kwa hiyo aliye mbele anapata hasi. Mimi nilisoma 180, nikajua ni saa tatu zetu, nikajumlisha badala ya kutoa. Matokeo yake kila saa ilirudi nyuma ya UTC kwa saa tatu badala ya kwenda mbele kwa saa tatu. Tofauti na saa ya kweli: saa sita kamili.

Sasa fikiria. Mauzo yamefanyika saa nne asubuhi. Saa ya simu inaonyesha 10:00. Ukurasa wangu wenye kosa ukaonyesha 4:00. Ami anautazama, anasoma: saa nne. Mauzo ya mchana ya 14:00 yanaandikwa 8:00, naye anasoma: saa nane. Kila kitu barabara! Kosa langu lilikuwa limeangukia palepale ambapo Kiswahili kinahesabia saa zake, tangu kuchomoza kwa jua. Ami aliniambia baadaye kwamba alidhani nimefanya makusudi, na alikuwa amefurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye kuna kompyuta inayosema saa kama watu wa pwani.

Lilifichuka alfajiri. Mzigo wa bizari ulishushwa saa kumi na moja, kabla jua halijatoka, na daftari likauweka kwenye tarehe ya jana. 05:00 ilikuwa imerudi kuwa 23:00. Ndipo ami akaniita. Niliporekebisha alama ile, 4:00 zikawa 10:00, na ami akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Basi nikamwekea saa ya Kiswahili ya kweli, iliyoandikwa kwa nia, na tarehe zake zikiwa mahali pake.

Baada ya hilo nikaanza kuona alama kila mahali. Mombasa yenyewe imekaa upande wa hasi: latitudo yetu ni kama -4.05, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na longitudo ni kama 39.67. Nilipoongeza ramani ya kupeleka mizigo Nyali na Kisauni, fomu yangu ilikuwa inafuta kila herufi isiyo tarakimu wala nukta, kwa nia njema ya kuondoa takataka, na kistari kikafutwa pamoja nazo. Wateja wote wa ami wakahamia kusini mwa Ethiopia, kaskazini mashariki ya Moyale. Kwa wenzangu wa Nairobi hitilafu ingekuwa ileile, nao wako kusini. Wa Nanyuki, ikweta inakopita, wangeweza kuishi nayo muda bila kugundua.

Hata maji. Nikingoja feri siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa na magari yanateremka mteremko mkali kuingia, huwa naangalia jedwali la maji ya Kilindini. Maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu nyakati hizo, lakini karibu namba zote za jedwali ni chanya. Ni kwa sababu waliolitunga waliiweka sifuri chini kabisa, karibu na pale maji yanapopwa mno, ili nahodha asome kina anachoongezewa juu ya kile cha ramani. Wangeiweka katikati ya maji kupwa na kujaa, nusu ya jedwali ingekuwa hasi na bahari ni ileile. Mtu aliketi akaamua. Mimi pia, kila ninapoandika sharti la alama, ninaamua, hata nisipokuwa na habari kwamba ninaamua.

Sijasema habari ya kijana. Nimeichelewesha kwa kuwa ni nzito kwangu.

Siku ile ya iliki, baada ya mizani ya babu kurudishwa nyuma ya magunia, ami aliniambia, "Umenieleza mimi. Mimi sikushukiwa. Nenda ukamtake radhi mwenyewe." Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, kahawa tungu na kashata, nikamweleza kila kitu, hata kwamba jina lake nililiweka pembeni ya wekundu kwa uamuzi wangu na kwamba nimeshaliondoa, halitarudi. Alinyamaza kitambo. Akasema alijua kuwa hakumpunja mtu, ila usiku ule alikuwa amepima upya kichwani kila mfuko aliofunga wiki nzima, akitafuta pale mkono wake ulipoteleza. Akaniuliza kama naweza kumwonyesha namba yenyewe. Nikaifungua kompyuta juu ya magoti, nikaandika, na ile hasi ikatokea na sifuri zake zote. Akazihesabu kwa kidole mpaka mwisho.

Sasa kila ninapoleta toleo jipya, kabla ami hajalitazama, yeye ndiye anayelifungua kwanza. Anaandika iliki gramu 300. Anauza 100. Anauza 200. Kisha anaondoa mikono mezani na kungoja neno.